Nani Amepaka Breki Samli?

"Imekamilika, dada. Wewe ni kuizungusha tu," mdogo wangu aliniambia, akaiweka mashine ya baba juu ya meza yangu ya cherehani, hapa hapa Nyasho, mjini Musoma, katikati ya sare za shule nilizokuwa nashona.

Nikaitazama. Nikamtazama yeye. Nikaitazama tena. Mashine ya kuvulia ya baba ilikuwa ya rangi ya dhahabu, dhahabu iliyofifia, yenye mikwaruzo ninayoijua mmoja mmoja. Hii iliyokuwa mezani kwangu ilikuwa ya fedha. Fedha mwilini, fedha kwenye mpini, fedha kwenye vichwa vya skrubu, mpaka kwenye uzi! Mtu mzima na akili zake alikuwa amechukua kopo la rangi ya kupuliza, ile ya kupaka rimu za pikipiki, akaipulizia mashine na uzi wake kama ilivyo, bila hata kuufunika kwa gazeti.

"Nani kafanya hivi?"

"Fundi mmoja wa kule kwangu Manyamanyama. Anafanyaga vitu vya zamani viwe vipya."

"Viwe vipya!" Nilisimama, mkasi ukaanguka. "Hivi wewe ukizeeka tukupulizie rangi, utakuwa kijana?"

Akacheka. Mdogo wangu nikikasirika hucheka, na akicheka ndipo nakasirika zaidi. "Hasira hasara, dada," akasema. Nikamwambia hasara ndiyo hiyo ameileta mwenyewe, imeng'aa.

Niseme mapema jambo lenyewe lilikuwa nini, maana mimi nikipandwa na hasira huwa naruka hatua. Kule kwenye vijiji vya rasi, nje ya Musoma, kuna kambi ya wageni wanaokuja kuvua sangara wakubwa, sisi tunawaita mbuta. Hawatumii nyavu. Boti inakwenda polepole, chambo cha bandia kinakokotwa nyuma, na mgeni anakaa ameshika fimbo yenye mashine kubwa ya uzi. Kambi ile ilikuwa inatafuta nahodha. Mdogo wangu, ambaye ziwa analijua tangu hajaota ndevu, alikuwa miaka yote anabeba marobota ya pamba kule Bunda, na msimu wa pamba ukiisha naye ameisha, anabaki anazunguka Manyamanyama akiomba vibarua. Meneja wa kambi alimwambia aje Jumamosi na mashine yake mwenyewe, waende majini, amwone akimtoa mbuta. Mashine ikimwangusha, asirudi, kuna wengine wanangoja. Basi. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa imening'inia kwenye kile kichuma, na yeye ameenda kukipaka rangi. Kipya kinyemi, japo kidonda.

Mashine yenyewe baba aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja. Baba alikuwa nahodha wa boti za wageni, na alinifundisha mimi kuifungua na kuifunga kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye cherehani; huyu mwingine alikuwa anakimbilia mpira. Baba aliona hakuna tofauti kubwa. "Hii nayo ina bobini," alikuwaga anasema, "ila hii bobini inashindana na samaki." Mpaka leo mimi ni fundi cherehani, lakini wenye boti za wageni wananiletea mashine zao nizihudumie, na chini ya kitanda changu nina sanduku la mashine zilizokufa ambazo nazitoa spea.

Baba alichukuliwa na ziwa. Siku hiyo hakuwa na wageni. Alikwenda tu kumsaidia rafiki yake kuvuta nyavu, upepo ukawageuza, wenzake wakapatikana wakazikwa, yeye hakupatikana. Tulingoja ufukweni mpaka watu wakachoka kutufariji. Kaburi lake halipo. Mashine yake ilikuwa imebaki nyumbani imening'inia kwenye msumari, na mama aliporudi kwao Butiama alikwenda nayo.

Sasa mnaelewa kwa nini nilisimama.

Na si rangi tu iliyoniudhi. Mimi nina ugomvi wa siku nyingi na watu wote wanaomiliki mashine hizi, na naomba niutoe hapa. Kwanza wanadhani kwa kuwa ziwa letu halina chumvi, basi mashine haihitaji kusafishwa. Haya, na mchanga? Na majani ya kijani yanayoganda? Zinaletwa kwangu beringi zimelia mpaka zimenyamaza, mwenye mashine anasema, "Imeanza jana tu." Jana ya wapi! Pili, watu wa huku tumelelewa na adabu ya kufunga. Mlango ufungwe, kibuyu kizibwe, mbuzi afungwe kamba fupi. Kwa hiyo mtu akimaliza kuvua anasukuma mkono wa breki mpaka mwisho, anakaza kabisa, ndipo anaitundika mashine na kuondoka ameridhika. Anaona ameitunza! Miezi inapita breki imebanwa, kile kisahani cheusi cha ndani kinagandamana na chuma, na siku mbuta anapouma uzi hautoki, unakatika, mgeni anatukana, nahodha anafukuzwa. Baba alikuwa na sheria moja tu juu ya hili, aliisema kila jioni anaporudi: "Ilale imelegea." Mkono wa breki urudishwe nyuma mpaka bobini iwe huru, ndipo uende kula. Sheria ya maneno mawili, na bado watu wazima inawashinda.

Nikamwambia mdogo wangu anipishe. Nilikwenda kwa jirani yangu anayenunua samaki nikaazima mizani yake ya kuning'iniza. Nikafunga uzi kwenye ndoano ya mizani, nikasukuma breki mpaka mahali pa kupigania samaki, nikamwambia avute taratibu huku mimi naangalia mshale. Breki nzima inaachia uzi kwa upole, na mshale unakaa pale pale. Huu ulikuwa unaruka. Unapanda, unashuka, unapanda tena kwa kishindo. Uzi ulikuwa unateleza, halafu unang'ang'ania, halafu unateleza.

"Rangi imeingia ndani," mdogo wangu akasema, sauti imepungua.

"Mpigie huyo fundi wako. Weka sauti kubwa."

Fundi wa Manyamanyama alipokea kwa furaha, akidhani amepata kazi nyingine. Nikamuuliza amemwaga nini ndani ya mashine ya watu. Akaapa hajafungua hata skrubu moja. "Dada yangu, mimi kazi yangu inaishia nje," akasema.

"Ndilo tatizo lako hilo!" nikamwambia. "Hujui kama vitu vina ndani?"

"Nilitaka kuifungua, ila ilikuwa inanukia chakula, nikaona niiache."

Nilikata simu. Chakula! Nikachukua bisibisi, nikakwangua rangi kwenye vichwa vya skrubu kimoja kimoja, nikafungua ubavu wa mashine, nikaitoa bobini. Hapo na mimi nikaipata ile harufu. Si grisi wala petroli. Harufu yenyewe naijua tangu utotoni, inakaa kwenye shuka za watoto wachanga na kwenye nywele za bibi. Nikaingiza kidole, kikatoka na uji wa manjano ulioganda kama mabaki ya uji wa ulezi chini ya chungu.

Samli. Samli iliyochacha, imejaa kwenye breki!

Jamani. Nani duniani anapaka breki mafuta? Hata yule mtoto wa bodaboda aliyeanza kuendesha wiki hii anajua kuwa breki ni kavu. Mafuta yanakwenda kwenye beringi, tone moja, na grisi kwenye meno, kidogo, basi. Ukipaka breki mafuta umeua kazi yake yote. Nilipiga meza mpaka cherehani ikaruka. Na nilipomtazama mdogo wangu nikakuta ameinamisha kichwa, kwa sababu sote wawili tulijua ni nyumba gani inayotengeneza samli ya rangi ile.

Nikampigia mama. Hata katika hasira, mama ni mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekula?"

"Mama, ile mashine ya baba. Umeweka nini ndani?"

"Samli," akajibu, kama nimemuuliza jina la kijiji. "Nampakaga kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha. Nayeyusha, namwagia pale pembeni, nazungusha mkono wake polepole. Anakunywa. Anakunywaga yote, habakishi."

"Inakunywa, mama! Inakunywa! Mashine si mtu! Na haitakiwi kunywa!"

Nieleze hapa juu ya Kiswahili cha mama. Baba alikuwa mtu wa pwani ya ziwa na mama mtu wa Butiama, lugha zao za nyumbani zilikuwa mbili, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea. Cha baba kilinyooka kwa sababu ya wageni na ofisi. Cha mama amekiokota sokoni, na ngeli zake zimekaa shaghalabaghala: ng'ombe zake ni "zile," sisi watoto wake ni "hizi," na mimi mwenyewe mpaka leo ni "mtoto yangu." Tulimchekaga tangu shule ya msingi. Kwa hiyo aliposema "nampakaga" nilisikia kosa la ngeli, nikalisahihisha kama mwalimu wa zamu.

Nikaendelea. Nikamwambia ameharibu breki, nikamwambia kazi ya mwanawe iko hatarini, nikamwambia samli ni ya ugali, si ya vyuma, na kama alitaka mafuta si angesema nimletee chupa ya mafuta ya cherehani, ninazo tele hapa.

"Baba yenu alisema nini juu ya hiyo mafuta ya cherehani?" akauliza.

"Alisema kidogo, mama. Kwenye beringi!"

"Mimi sijui beringi," mama akasema. Halafu akauliza rangi imekauka au bado, na mdogo wangu atamrudisha Jumapili saa ngapi.

Nikageuka taratibu. Mdogo wangu alikuwa anaangalia sare za shule kana kwamba atazifanyia mtihani. Tulipomuaga mama na kukata simu nikamshika ukosi.

"Umemwambia nini mama?"

"Nimemwambia... naipeleka kupaka rangi. Ipendeze."

"Hajui kama inakwenda ziwani?"

Akatikisa kichwa. Akasema alijua angemwambia ukweli asingeitoa. Akasema alikusudia, akishapata kazi, ndipo amwambie. Alikusudia! Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa lugha ya baba, nikaishiwa. Mama aliyenyang'anywa na ziwa mume asirudishiwe hata kidole, mwanawe anakwenda kwenye maji yale yale, na kitu pekee cha marehemu kinatolewa nyumbani kwa uongo wa rangi. Nikamwambia, "Kesho tunakwenda Butiama. Akikataa, utabeba pamba mpaka uzeeke, na mimi sitakuonea huruma."

Lakini mkono wa fundi haujui kununa. Jioni ile ile nilianza kazi. Beringi niliziloweka kwenye petroli zikatema samli yote, nikazikausha, nikazipa tone lake kila moja. Meno niliyasugua kwa mswaki. Uzi wenye rangi niliukata ukatupwa, nikaviringisha mwingine. Rangi ya mwilini sikuwa na muda nayo. Niliitoa kwenye mkono wa breki na mahali pa kushikia tu, kwingine ikabaki inang'aa kijinga. Tatizo likabaki kile kisahani cheusi cha breki. Kimefumwa kama kitambaa, kigumu kama ukucha, na kilikuwa kimekunywa samli mwaka hadi mwaka mpaka kimeshiba. Nilikiosha kwa petroli, nikakiosha kwa sabuni ya kipande, nikakipitisha kwenye msasa laini, nikakianika juani asubuhi ya Ijumaa. Jua likikipiga, samli inatoka tena jasho. Kilikataa kusafishika. Nikalivuta uvunguni lile sanduku la mashine zilizokufa, nikapekua, nikatoa kisahani cha mashine moja ndugu na hii, kikavu, kizima, nikakifunga. Tukavuta tena kwenye mizani ya jirani. Mshale ukapanda mpaka mahali pake ukatulia.

"Dada!" mdogo wangu akaruka.

"Nyamaza," nikamwambia. "Bado mama."

Kile kisahani cha zamani nilikifunga kwenye kitambaa, nikakitia mfukoni. Sikukichukua kwa wema. Nilikichukua kama kielelezo, nimwonyeshe mama kwa macho yake alivyokiharibu, akinuse, ajue.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anatikisa kibuyu cha maziwa kwenye paja. Hakuacha kutikisa. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza habari za Musoma, akauliza habari za Bunda, akaagiza tuletewe maziwa ya mgando. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima na sasa nimepewa bakuli, na huwezi kugombana na mtu huku unakunywa maziwa yake.

Mdogo wangu akaitoa mashine kwenye mfuko, akamwekea magotini. Mama akaacha kibuyu. Akaipitishia kiganja, akaigeuza, akaisogeza puani.

"Mmemfuta," akasema.

"Tumeisafisha, mama," nikasema.

"Na hii nguo nyeupe mmemvalisha ni sanda?"

Mdogo wangu akanigeukia mimi. Nikamkanyaga. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akasema yote: kambi, Jumamosi, meneja, pamba, uongo wa rangi. Alisema vizuri, nampa haki yake. Alisema, "Mama, nimechoka kubeba." Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imeizunguka ile mashine.

"Ziwa lilimchukua," akasema. "Sasa nyinyi mnampeleka tena?"

Hapo nikaona zamu yangu. Nikaanza kumweleza habari ya breki, kwamba mashine ikipakwa samli haifai kwa kazi, kwamba nia yake ilikuwa njema lakini—

"Wewe," mama akanikata. "Mtoto yangu. Kaa."

Nikakaa.

"Jirani ile pale, mume yake iko pale nyuma ya migomba. Inapalilia, inaimwagia pombe kidogo, inaiambia habari. Mkwe yangu ile ingine, mume yake wamejengea na saruji. Kwetu mtu ikifa unaipaka samli, unaitoa vizuri. Mimi nimepaka nani? Niliingia ndani na samli ya kumpaka baba yenu nikakuta msumari. Na yeye ananing'inia pale. Ndiyo nikampaka yeye."

Alisema hivyo bila kulia, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Na mimi, mwalimu wa ngeli, ndipo masikio yaliponizibuka. Jirani yake alikuwa "ile." Mume wa jirani alikuwa "iko pale." Mimi ni "mtoto yangu." Maisha yangu yote sijamsikia mama akimpa mtu ngeli yake, hata padri alikuwa "ile padri." Kimoja tu ndicho alichokuwa anakiita "yeye," anampaka samli anakunywa, na mimi nikamfokea kwenye simu, sauti kubwa, mwanawe mwingine akisikia: mashine si mtu!

Hasira haikuisha. Nasema kweli, ilizidi, ila ilikosa pa kwenda. Nilitaka kulipiga ziwa. Nilitaka kumpiga mtu yeyote aliyemwambia mama avumilie, na kila aliyekuja msibani akala wali akauliza mbona hakuna kaburi. Nilikasirika kwamba miaka yote sisi wawili tulikuwa tunakuja Krismasi, tunakula, tunaondoka, na mvua ya kwanza hatujawahi kuiona tukiwa Butiama. Machozi yalinitoka nikayafuta kwa kile kitambaa kilichokuwa mfukoni, kisha nikakumbuka ndani yake kuna nini.

Nikakifungua. Kisahani kikatokea, cheusi, kinang'aa kwa samli, kinanuka nyumba ya mama.

"Ni nini hiyo?"

"Breki ya zamani, mama. Nimeitoa. Ile samli yako yote..." Nikamsogezea. "Kile chuma hakikunywa, mama. Chuma hakinywi. Aliyekuwa anakunywa ni huyu."

Sikuichagua ile ngeli. Ilitoka yenyewe.

Mama akanyoosha mkono. Akakichukua kile kisahani kwa vidole viwili, akakigeuza, akakinusa muda mrefu, akakibana kati ya viganja. Halafu akaitazama ile mashine ya fedha magotini kwake kama mtu aliyeamka akakuta amekumbatia mto. Akamsukumia mdogo wangu.

"Hii ni yako," akamwambia. "Ipeleke. Ikiharibika, dada yako iko Nyasho."

Mdogo wangu alibaki amepiga magoti na mashine mikononi. Mama akachovya kidole kwenye samli mbichi, akampaka kipaji cha uso na vifundo vya mikono. Nilipoona anakaribia kuigusa mashine nilijikuta nimenyoosha mkono kama askari wa barabarani. Mama akanitazama, akacheka, mara ya kwanza siku ile.

"Najua," akasema. "Breki ni kavu."

"Na wewe," nikamgeukia mdogo wangu, maana kuna mtu lazima nimfokee, "osha mikono kwa sabuni kabla ya kuishika!"

Akaenda kuosha. Mikono tu. Samli ya usoni aliondoka nayo jioni ile, anang'aa kama chapati, kwenda kumwona meneja.

Mimi nilibaki. Jumamosi mchana simu ililia, upepo unaingia kwenye maneno, nikaweka sauti kubwa. Akasema mbuta ameuma, mkubwa, akazama, akaruka na kutikisa kichwa kama wanavyofanya, uzi ukatoka kwa upole, ukatoka, hakuna hata mara moja breki iliyong'ang'ania, mpaka samaki akachoka mwenyewe. Akasema meneja amempa mkono, anaanza Jumatatu. Akasema meneja anauliza nani anahudumia hiyo mashine na kwa nini imepakwa rangi mbaya namna ile.

"Mwambie rangi ilitoka Manyamanyama!" nikapiga kelele. "Na usiku usiikaze breki! Umenisikia? Wakikwambia uikaze kataa!"

Mama alikuwa amekwisha chagua mahali pa kuzikia, nyuma ya nyumba, karibu na migomba yake. Hakutaka watu wengi, hakutaka saruji. Shimo nililichimba mimi kwa jembe la mkono, si refu. Yeye alikaa chini, akakiweka kisahani kwenye kitambaa cheupe kipya, akakipaka samli mbichi taratibu, pande zote mbili, akizungusha, kama alivyozoea. Aliongea naye kwa lugha yake ya kwao, ambayo sikuielewa yote. Akamaliza. Akakunja kitambaa mara mbili, akashika ncha, akaanza kufunga fundo, akalivuta kwa meno ili likaze, maana sisi ndivyo tulivyolelewa.

"Usikaze, mama," nikamwambia. "Alale amelegea."

Akanitazama, akafikiri. Akalifungua fundo, akaziacha ncha za kitambaa wazi, akanipa nimshike.